Kidonge Kisichoyeyuka

Ndugu zangu, leo sitawabembeleza. Nimechoka kuwabembeleza. Sikilizeni.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo cha vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma ambavyo kina mama wajawazito humeza. Vilikuwa vizuri kwa macho: vyekundu, vinang'aa, havimeguki hata gari lipite kwenye mashimo ya namna gani. Alivivisha ganda gumu kwa ajili hiyo hasa.

Akavipeleka maabara. Mama aliyekuwa akipima akasaga kidonge kimoja, akapima madini, akakuta yamo yote kama lebo ilivyosema. Mzee akafurahi, akaomba cheti chake. Yule mama akamwambia bado. Akachukua kidonge kingine kizima, akakitia kwenye maji yenye joto la tumbo la mtu, mashine ikaanza kukipandisha na kukishusha. Kilitakiwa kiyeyuke ndani ya nusu saa. Nusu saa ikapita, saa nzima ikapita. Kidonge kikatoka kizima, safi, kinang'aa kuliko kilivyoingia.

Mzee akaja juu. "Binti yangu, si umepima mwenyewe ukakuta madini yamo?"

"Yamo, baba. Yamo, na hayatoki."

Akabishana naye kama mnavyobishana na mimi kwenye vikao. Akasema lebo haidanganyi, akasema huyu mama ana lake jambo. Mwisho akatoa ushahidi aliodhani utamaliza maneno: hata mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi saba, anavimeza kila asubuhi bila kukosa.

"Na damu yake ikoje, baba?"

Mkwe huyo wa mzee alikuwa amelazwa tangu juzi kwa kuishiwa damu, na pale wodini kila mtu alikuwa anashangaa, maana vidonge alikuwa anameza.

Naona mnatikisa vichwa kumsikitikia. Nani kawaambia nazungumza habari za mzee? Vidonge ni sisi, na mimi mchungaji wenu nimo. Tukisagwa tukapimwa, kila kitu kitakutwa kimo: mistari tunaijua, nyimbo tunaziimba bila kitabu, kwenye kamati hatukosi. Mbona basi tukitiwa kwenye shida ya jirani tunatoka tunang'aa vilevile? Tumejivisha ganda tusimeguke, tusichafuke, halafu tunaliita heshima. Hivi kweli, miaka yote hii ya kukaa kwenye mabenchi haya? Inaniudhi, na sitaficha.

Wewe baba unayekaa benchi la mbele, nyumbani kwako kuna watu wanakutegemea kila siku, na kila siku wanazidi kudhoofika. Ukija kuniambia una imani, nitakubali kwamba imo. Kisha nitaomba nizungumze na mkeo.