Kwa Nini Anayebebwa Huoga Kwanza Mwamvuu

Kisa hiki alikisimulia kwanza Chizi, mke wa Mwero, mwaka 1983, katika matanga ya mumewe. Wengi waliona si mahali pake. Alikisimulia hivyohivyo.

Zamani, kabla barabara haijafika Mwamvuu, maji moto yanayotoka chini ya jabali yalikuwa na wenyewe. Asubuhi, yakiwa mangavu, waliingia wazee wa kiume, na Mwero ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Wanawake walingoja jua lipande. Wagonjwa wao waliingia mwisho, katika tope la miguu ya watu. Mbeyu, mama yake Chizi, alikuwa amekazwa na baridi yabisi hata akawa anajikokota kwa makalio. Naye alingoja kuliko wote, kwa kuwa Mwero alikuwa mkwewe. Katika ukoo wao, mwanamume aliyeonwa uchi na mama wa mkewe hana tena uso wa kuketi penye watu.

Nyamvula, mdogo wake Chizi, hakuwepo. Alikuwa yaya wa Wazungu wa shamba la katani, nao walimchukua likizo mpaka Uingereza, kwenye mji wa kale uliojengwa juu ya chemchemi ya maji moto. Nyumba za mawe zilipanda kilima kwa safu, na chini palikuwa na ukumbi wa nguzo ambamo watu walikunywa maji yenye ladha ya kutu huku muziki ukipigwa. Kila asubuhi Nyamvula alimsukuma mama wa bwana kwenye kiti cha magurudumu mpaka bwawani. Baridi ya huko ilimvimbisha magoti. Siku moja akaomba achovye miguu tu.

Bawabu akacheka. "Wewe ni wa kusukuma," akamwambia.

Akangoja nje, mvua ikimnyea, akitazama mvuke ukitoka madirishani. Kwanza aliona haya. Kisha akamkumbuka mama yake juu ya jabali la Mwamvuu, na yeye mwenyewe akipita na mtungi bila kusema neno. Hapo hasira ikamshika, na haikumwachia tena.

Aliporudi nyumbani hakungoja hata uji. Alimkuta mama amevimba mpaka vidole, akambeba mgongoni, akashika njia ya chemchemi.

"Mwanangu, mkwe wangu yumo majini. Utaniua kwa aibu."

"Aibu haijaua mtu, mama. Magoti ndiyo yanayokuua."

Wazee waliposikia kishindo walidhani ni ng'ombe. Mwero akageuka, akamwona mama mkwe wake. Nguo zake zilikuwa jabalini, nyuma ya huyo mama. Akazama mpaka kidevuni, akafumba macho.

"Shemeji! Una wazimu? Mtoe mama!"

"Toka wewe, shemeji. Njia ni hii."

"Ulaya imekuharibu kichwa."

"Ulaya haikunifunza kitu. Nimekuta yaleyale, tena kwa Kiingereza."

Mbeyu alijifunika kanga usoni, analia. Nyamvula akaketi naye pale maji yanapochomoza, penye moto zaidi, asisogee. Wazee wakamtishia faini ya mbuzi. Akawaambia wachinje hata fahali wakipenda, lakini watamchinja wakiwa uchi.

Jua likapanda. Wanawake wakaanza kuteremka na mitungi, Chizi akiwa mbele. Mumewe akamwita amletee nguo. Chizi akazitazama zile nguo, akaitazama miguu ya mama yake ndani ya maji safi. Kisha akazikalia.

 Mwero akatamka, macho yakiwa yamefumbwa bado: "Anayebebwa aingie kwanza. Na anayembeba aingie naye."

Na tangu siku hiyo, Mwamvuu, mgonjwa akiletwa mgongoni wazee hupisha, wakangoja jabalini. Wala mwanamume haingii maji yale bila shuka kiunoni, hata akiwa peke yake.

Mbeyu alifariki baada ya mavuno mawili, akiwa tayari anatembea kwa fimbo. Mwero alikufa mwaka huo wa 1983 kisa kiliposimuliwa, na Chizi akamfuata mwaka 1996. Aliye hai ni Nyamvula peke yake. Siku hizi ni yeye anayebebwa. Wajukuu wakimwambia ana bahati kupewa nafasi ya kwanza, huwaamuru wamteremshe hapohapo njiani, akaenda kwa makalio mpaka majini, akisema hakupewa na mtu.