Shiraa Haina Miguu

Shiraa haina miguu. Mmemsikia bibi yenu akimtupia Athumani maneno hayo alipojigamba kwamba sherehe ya jana kaiandaa peke yake, nanyi mkacheka bila kujua mnachokicheka. Siwalaumu. Shiraa yenyewe hamkuiona, na hata mimi niliikuta imeshakunjwa sandukuni. Basi sogeeni niwaeleze methali hii ilizaliwa wapi.

Zamani hizo, katika mji wetu huu wa mawe, mwanamke wa kiungwana hakuonekana njiani. Akitaka kwenda harusini au matangani, alitembea ndani ya shiraa, yaani hema la kitambaa kizito, limetariziwa vizuri, lakini halina hata tundu la kuchungulia. Yeye alikuwa ndani, na wajakazi wanne walikuwa nje, kila mmoja kashika mti wa pembeni, uso wazi, jua likimchoma. Hao ndio walioiona njia. Na mjakazi hakuruhusiwa kujifunika hata ushungi. Alipoolewa, alipelekwa kwa mumewe kichwa wazi, wahuni wa barazani wakimtolea maneno.

Mrashi alipelekwa hivyo. Alikuwa mjakazi wa Mwana Hidaya, bibi wa nyumba kubwa, na mti wa mbele kulia aliushika tangu kigoli mpaka kiganja kikaota sugu. Siku ya harusi yake mtu mmoja alimwita punda aliyevishwa shanga, na baraza nzima ikacheka. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipomzaa binti yake, Zafarani, alimnong'oneza akiwa bado mchanga: "Wewe, mwanangu, wallahi hawatakuona."

Ikaja ile miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, serikali ikatangaza kwamba hakuna tena mtumwa. Mrashi alikunja mkeka wake akahamia nyumba za makuti, akawa anasuka mikeka na kula jasho lake mwenyewe. Zafarani akakua, akachumbiwa na Feruzi, kijana mwashi mwenye adabu zake. Mrashi aliona kiapo kimefika siku yake. Akajifunga kanga mpya, akaenda kwa Mwana Hidaya kuazima shiraa.

Hakukaribishwa kuketi.

"Shiraa?" Mwana Hidaya aliuliza, utadhani kaombwa meno yake. "Uhuru si mmepewa na Wazungu? Na shiraa kaiombeni huko huko."

Mrashi alitoka. Jioni ile habari ilizunguka nyumba zote za makuti, na wanawake waliowahi kushika miti wakaapa kwamba hakuna hata mmoja wao atakayeigusa tena shiraa ya nyumba ile. Walikuwa wamemuunga mkono mwenzao, lakini Zafarani bado alikuwa hana cha kumfunika. Mrashi alilia, nami namwelewa, maana uhuru usioweza kumsitiri mwanao siku ya harusi yake una walakini.

Ikasadifu siku ile ile ya harusi ya Zafarani, binti wa kaka yake Mwana Hidaya naye anaolewa, upande wa pili wa mji. Shangazi hakosi harusi kama hiyo. Mwana Hidaya akatuma watu kuwaita wachukuzi wake wa zamani, na jibu likawa moja kila mlango: hatuji. Kushika miti kwa nje yeye na dada zake hawakuweza, maana wangeonekana. Akafikiri, akasema, "Kwani miti ni kitu gani? Tutaishika wenyewe, kwa ndani."

Jamani, kosa hilo lilihitaji uungwana wa vizazi saba! Baada ya sala ya alasiri shiraa ikatoka mlangoni kwa madaha, akina mama wanne ndani, kila mmoja na mti wake, na hakuna hata mmoja anayeona mbele. Ikagonga ukuta. Ikazunguka. Ikasikia vigelegele kwa mbali, ikavifuata kwa furaha ikidhani ndiyo harusi yao. Kumbe vilikuwa vya Zafarani. Ikaingia uchochoro mwembamba karibu na baraza, ikakwama pale, mbele haiendi, nyuma hairudi. Wazee wa barazani waliinamisha nyuso kwa heshima, huku mabega yakiwatikisika.

Msafara wa Mrashi ukafika hapo hapo, maana njia ya kwenda kwa Feruzi ilikuwa hiyo.

"Nani huko nje?" Sauti ya Mwana Hidaya ilikuwa imekonda kwa joto.

"Ni mimi, Mrashi. Nampeleka mwanangu kwa mumewe, nanyi mmeniziba njia."

"Alhamdulillahi! Mrashi, shika mti wako ututoe."

Mrashi aliutazama mti wa mbele kulia. Mkono ulitaka kwenda wenyewe, kwa mazoea. Akauficha ndani ya kanga.

"Sina mti, Bi Hidaya," alisema. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita hivyo, daima alikuwa Mwana, kama mtumwa amwitavyo bibi yake. "Nina binti. Aingie humo ndani, kati yenu, asitirike. Tumfikishe kwanza kwa mumewe. Kisha tutawafikisha nyinyi harusini kwenu."

"Aingie humu? Na sisi tumo?"

"Na nyinyi mkiwamo. Au kama yuko mwingine wa kuwatoa, mngojeni."

Ikasikika kutoka ndani sauti ya dada mdogo: "Dada Hidaya, mimi nazimia. Mwinulie mtoto pindo aingie!"

Pindo likainuka. Zafarani akaingia na marashi na maua yake, pindo likashuka nyuma yake. Mrashi na wenzake watatu wakashika miti kwa nje, na safari hii hakuna aliyewatuma. Shiraa ikanyooka, ikatoka uchochoroni, ikapita mbele ya baraza. Na wale wazee, kwa ada ya mji, wakasimama wote wakageuza nyuso ukutani. Walimsimamia nani, Mwana Hidaya au binti wa Mrashi? Nani angejua! Hawakumwona. Mrashi alipiga kigelegele mpaka sauti ikakatika, machozi yakimtiririka, na sugu ya kiganja chake haikumuuma kamwe.

Walipofika uani kwa Feruzi, waungwana wale wakatoka humo, jasho likiwachuruzika, wakaketi juu ya mkeka wa Mrashi wakanywa sharubati pamoja na wanawake wote. Mama yake Feruzi alishika mdomo.

"Mrashi, we! Shiraa ya nyumba ile imefikaje hapa kwetu?"

Mrashi alicheka kicheko alichokuwa akikidai tangu harusi yake.

"Shiraa haina miguu, mama. Imekuja kwa yangu."

Akina Hidaya walifikishwa harusini kwao kama walivyoahidiwa, na kabla upepo wa kusi haujageuka neno lilikuwa mji mzima. Haikupita miaka mingi buibui likaingia, wakalivaa mahadimu walioachwa huru na waungwana, kila mmoja akitembea kwa miguu yake na kuiona njia kwa macho yake. Basi siku mtakapomwona mkubwa anapita kwa fahari akidhani anajiendesha, msibishane naye. Tazameni tu nani kashika miti, kisha mwambieni taratibu: shiraa haina miguu.