Visiwa vya Mviringo kwenye Ngozi ya Tone

Shauri la Mpango wa Kudumu wa Safu, Vimo na Mikao katika Ngozi ya Tone. Jina refu, wajukuu zangu, lakini lilikuwa shauri la nani asimame karibu na nani.

Wakati huo dunia ilikuwa maji matupu, na ndani ya maji lilielea tone lenye ngozi ya mafuta, nyembamba kama ndoto inayokaribia kusahaulika. Humo ndani alilala Uhai, angali mchanga. Ngozi yenyewe ilikuwa watu wa mafuta walioshikamana bega kwa bega, vichwa vikielekea majini, mikia wameificha. Wanyoofu walikuwa na mikia iliyonyooka, wakapenda kubanana. Mikia ya Wakombo ilikuwa na kipindo, kwa hiyo walihitaji nafasi. Joto lilipokuwapo walichanganyika wote, wakitiririka polepole kama usingizi, na hakuna aliyeuliza ukoo wa jirani.

Kisha baridi ikaingia. Wanyoofu wakakusanyika, wakaganda wakawa bamba gumu lenye kingo za meno meno. Pale bamba lilipopakana na Wakombo pakapasuka, maji ya Uhai yakaanza kuvuja. Bi Siwa, Mkombo aliyekuwa mlezi wa Uhai, akajitandaza juu ya ufa. Hakutosha.

"Mzee Wima, legezeni kidogo! Mtoto anakauka!"

"Bi Siwa, jambo lako tumelipokea," akajibu mkuu wa Wanyoofu, bila hata kugeuza shingo. "Liko mbele ya kamati ndogo."

"Kamati gani, nanyi mmeganda?"

"Ndiyo maana kikao bado kinaendelea."

Nje ya tone alikuwa akizurura mgeni mfupi, mgongo mgumu, kamkia kafupi, kichwa kama punje ya ulezi. Ndiye Kolesteroli, huyu mnayesikia akisemwa vibaya zahanati. Alikwisha kuomba makazi, akakataliwa kwa upungufu wa kimo.

"Mdogo wangu, pita hapa kwangu," Bi Siwa akamwita.

"Sina kibali, dada."

"Kwani haya maji yanayotoka yana kibali?"

Mgeni akaingia, na ndugu zake wote nyuma yake. Wakajipenyeza katikati ya Wanyoofu, mmoja hapa, mmoja pale. Wanyoofu wakabaki wamesimama wima, heshima yao haikupungua, ila sasa waliweza kusogea. Bamba likalainika, meno yakaisha, vikabaki visiwa vya mviringo vikielea taratibu kati ya Wakombo. Ufa ukajifunga chini ya Bi Siwa. Uhai akageuka upande wa pili, akaendelea kulala.

Kuanzia hapo ikawa ndivyo hadi leo: ngozi ya tone la namna ile ikipoa, visiwa vya mviringo hujitokeza, vikakutana, vikaungana; ikipata joto, visiwa huyeyuka, wote wakawa kitu kimoja tena.

Mzee Wima alitangaza kwamba Uhai aliokolewa kwa azimio la kikao cha dharura. Hapakuwa na azimio. Mgeni mfupi aliingia bila kibali, na maji yakaacha kuvuja.