Jiwe la Mzee Drumondi

Haya, sogeeni. Wewe, acha kumfinya mwenzako. Kisa kinabisha hodi.

"Na kikaribie!"

Kina miguu mingapi?

"Miwili!"

Mmoja wa kweli, mmoja wa chumvi. Upi ni upi, mtajua wenyewe mkikua.

Zamani, zamani ile ambayo mawingu yalikuwa yakishuka mpaka mtoni kunywa maji pamoja na mbuzi, na vilima vyetu hivi vya Taita vilikuwa bado vikigombania nani awe mrefu, alipanda mlimani mtu mmoja mwenye ndevu nyekundu kama udongo wa Voi. Jina lake Drumondi. Alitoka nchi iitwayo Uskochi, ambako mvua haiji kutembea, imehamia kabisa, na ambako wanaume huvaa nguo kama kikoi cha miraba na hakuna anayewacheka. Mnacheka nini? Hata mababu zenu walicheka, mpaka walipomwona akibeba mawe.

Maana kazi yake ilikuwa mawe. Alijenga kuta za mawe matupu. Hakuna udongo, hakuna chokaa, hakuna saruji. Jiwe juu ya jiwe, na ukuta unasimama. Mvua inakuja, ukuta umesimama. Mvua inaondoka, ukuta umesimama.

Ikaja njaa. Njaa ikapita, ikaacha watoto wasio na wenyewe. Drumondi hakuwa na mke wala mtoto. Akaokota mmoja. Akaokota wa pili. Akaokota wa tatu, wa nne, na wa tano alimkuta amelala kwenye zizi la kondoo. Akawapeleka wote kwa karani wa kanisa.

"Bwana," karani akasema, "mtoto haandikwi kwa jina moja. Baba yake huyu ni nani?"

"Andika Drumondi."

"Na huyu?"

"Drumondi."

"Na huyu je? Mbona hafanani hata na hao wengine?"

"Kwani hao wengine wanafanana na mimi? Andika, wino unakauka."

Wakaandikwa. Na kila mtoto, siku alipoandikwa, aliweka jiwe lake moja kwenye ukuta wa boma, likakwaruzwa alama yake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Silvano, kifungua mimba, alama yake mwezi. Malemba, jani. Nyambu, ndege. Righa, mguu. Na yule wa zizini, Mghoi, alikwaruza kiduara, kwa kuwa hakuwa amejifunza kuchora kitu kingine.

Sasa sikilizeni walivyokua watoto hao.

Silvano Drumondi alikuwa mpima ardhi. Aliutazama mto kule juu, akaitazama mihogo iliyokauka kule chini, akapiga hesabu siku arobaini, na maji yakatembea mlimani kama mtu aliyeelekezwa njia. Malemba Drumondi alikuwa mkunga. Kama ulizaliwa upande huu wa mlima enzi hizo, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa Malemba, na neno la kwanza kulisikia lilikuwa, "Haya, umefika, usinipigie kelele." Nyambu Drumondi alikuwa mwimbaji. Akiimba huku, wanawake wa kilima cha pili waliacha kutwanga. Na Righa Drumondi, mkimbiaji, aliteremka kuchukua dawa Voi akarudi chungu cha maharagwe hakijaiva. Huo ni mguu gani wa kisa?

"Wa chumvi!"

Kidogo tu. Maharagwe ya zamani yalikuwa magumu.

Watu walisema, "Jamani, hao kina Drumondi!" Walistahili. Msije mkadhani nawasimulia habari za watu wa kujionyesha. Walikuwa hodari kweli, na mpaka leo maji ya Silvano mnayanywa.

Na Mghoi? Mghoi alijaza kokoto.

Alipokuwa na miaka saba, Drumondi alimshika mkono akampeleka ukutani. Ukuta wa mawe matupu, wanangu, si mmoja. Ni kuta mbili zinazotazamana, na katikati yake pana uwazi. Uwazi huo unaitwa tumbo. Tumbo hujazwa vijiwe vidogo, kimoja kimoja, kwa mkono, kila kimoja kikatafutiwa mahali pa kukaa.

"Tumbo kwanza, Mghoi," mzee alimwambia kwa Kiswahili chake cha kukoroma. "Sura baadaye."

Mghoi alijaza tumbo miaka yote. Kaka na dada zake walipotoka kwenda kusifiwa, yeye alibaki akifuata nyufa za ukuta na kikapu chake. Alidhani alipewa kazi hiyo kwa sababu alikuwa na vidole vidogo. Moyoni alidhani pia kwamba alipewa kwa sababu hakufaa kwa nyingine. Hilo hakumwambia mtu.

Mzee Drumondi akafa, akazikwa. Wakatafuta jiwe lake ukutani, maana walijua alama yake: mistari mitatu kama unyayo wa kuku, ileile aliyokwaruza kwenye nyundo zake. Hawakuliona. Silvano akasema, "Bila shaka ni lile kubwa la pembeni, alama imefutika kwa mvua." Wote wakaitikia.

Mwaka wa kumi baada ya mazishi, mambo mawili yakatokea.

La kwanza: mama mmoja mpita njia alijifungulia mikononi mwa Malemba, akafa. Kichanga akabaki, wa kike. Malemba alikuwa akiitwa huku na huku, basi Mghoi akamchukua. Akamnywesha maziwa ya mbuzi, akambeba mgongoni ukutani, akamwita Wakesho. Mtoto alikuwa na kilio cha kuangusha nazi, na mlimani kwetu hakuna minazi.

La pili: Silvano akanunua kitabu kipya. Kilikuwa na jalada la ngozi, na juu ameandika kwa mwandiko wa mikunjo: *Kina Drumondi Wenye Sifa*. Maana jina lilikuwa limependwa mno. Hata muuza ugoro wa sokoni alikuwa akijiita Drumondi. Silvano akaona aweke mpaka, kama mpima ardhi yeyote. Akaandika jina na sifa, jina na sifa. Na akaweka sheria: asiye na sifa kitabuni hawezi kuandikisha mtoto.

Jumatano moja Mghoi akaja na Wakesho mgongoni.

"Kaka Silvano, niandikie mtoto."

"Mtoto huandikwa na anayemlea. Hiyo ni sheria ya baba."

"Mimi ndiye ninayemlea."

Silvano akafunua kurasa, akafunua tena, kana kwamba hakujua kilichomo. "Mghoi, ndugu yangu. Wewe humu haumo."

"Katika kile cha kanisa nimo."

"Hicho ni cha majina. Hiki ni cha sifa. Nikuandike nani? Mjaza kokoto?"

Malemba akaingilia. "Silvano, usiwe na ujinga wa kusomea. Niandike mimi kuwa mlezi."

"Wewe unalala nyumbani siku ngapi kwa mwezi, dada? Kitabu hakisemi uongo."

Na hapa ndipo moyo wa Mghoi ulipopoa kama majivu. Maana Jumatatu mama wa makao ya yatima angepanda kutoka Pwani, kama alivyopanda kila mwaka, kuwachukua watoto wasioandikwa kwa baba wala ukoo. Aliyeshuka naye hakurudi. Hakuwa mama mbaya, alikuwa na uji na blanketi. Lakini alikuwa mbali.

"Fanya jambo," Silvano akamwambia, na alimwambia kwa huruma, hilo nalo liwe kweli. "Fanya jambo moja tu la kuandikika. Jumamosi tunazindua ukuta. Nitafunga kitabu jioni."

Ukuta gani? Ndiyo, hilo sijawaambia. Kwa kumpenda baba yao, wale wanne walikuwa wameamua kuujenga upya ukuta wa boma, upande wa lango. Wakaleta mawe makubwa yaliyochongwa yakang'aa, kila moja na jina la Drumondi mwenye sifa. Juu ya lango jiwe kubwa kuliko yote, lenye jina la mzee. Na kokoto za tumboni, zile za Mghoi? Zilitupwa korongoni, mikokoteni miwili. Silvano alizipima kwa macho akaziita takataka.

"Kaka," Mghoi alisema, "ukuta huu hauna tumbo."

"Mawe haya ni makubwa, yanajibeba."

"Yanajibeba yenyewe. Nani anayabeba pamoja?"

Nyambu akacheka, maana alikuwa mcheshi. "Mghoi, hata sisi hatuna matumbo ya kutosha, tutayapa mawe?"

Watu wote wakacheka. Na Mghoi naye alicheka kidogo, kwa sababu ilichekesha. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa na mtoto mpaka machozi yakauka.

Ijumaa mvua ikanyesha. Jumamosi jua likatoka, wageni wakaja. Kina mama wamevaa leso mpya, wazee wamevaa makoti ya harusi zao. Silvano alivaa suti ya sufi ya Kiskochi iliyotumwa kwa meli, akatokwa jasho kwa heshima kubwa. Akasoma majina. Malemba, makofi. Righa, makofi. Mghoi alisimama nyuma kabisa, Wakesho amelala mgongoni, akiutazama ukuta. Aliona anachokiogopa: katikati ukuta ulikuwa umeanza kufura, kama shavu la mwenye jino bovu.

"Tokeni hapo!" akapiga kelele. "Ninyi wa mbele, tokeni! Righa, watoe watoto!"

"Mghoi, unatuharibia..." Silvano alianza.

Righa hakuuliza. Mkimbiaji hajui kuuliza. Alikwapua watoto wawili kwapani akavuta wa tatu kwa shati, na watu wakatawanyika kama kuku, na jiwe la Nyambu likateleza, la Malemba likalifuata, na lile la mzee juu ya lango likainama polepole, likashuka, likaviringika mpaka kwenye viazi vitamu vya jirani.

Wakesho akaamka akalia.

Hakuumia mtu, ila viazi. Silvano alikaa juu ya jina lake mwenyewe, suti imejaa vumbi. Alikuwa mtu mwenye akili, wanangu, na mtu mwenye akili hachukui muda mrefu kujua amekosea. Kinachomchukua muda ni kusema.

"Mghoi," akasema mwishowe. "Tunaanzia wapi?"

Angeweza kumsuta. Maneno alikuwa nayo, tangu Jumatano alikuwa akiyapanga. Lakini aliikaza mbeleko, akasema tu, "Korongoni. Nileteeni kokoto zangu."

Basi wageni wakavua makoti ya harusi. Wakashuka korongoni na vikapu. Kikapu kinapanda, kikapu kinashuka. Nyambu akaanzisha wimbo wa kubebea, na hapo ndipo sauti ile ilipofanya kazi yake, maana hakuna aliyechoka. Mghoi alielekeza: jiwe hili huku, kichwa kiingie ndani. Tumbo lijazwe. Usimwage! Weka kwa mkono. Wewe mzee, weka kwa mkono!

Adhuhuri, Malemba alikuwa akichambua kikapu, kwa vidole vile vilivyozoea kutafuta vitu bila kuviona. Akasimama ghafla.

"Silvano. Njoo hapa."

Kilikuwa kijiwe cha ukubwa wa yai la kanga. Kimekwaruzwa mistari mitatu, kama unyayo wa kuku.

Malemba akachambua tena, akatoa kingine, kilicholala chini yake. Hicho kilikuwa na kiduara.

Mghoi alikishika kile kiduara chake, akakumbuka. Siku ile alipoandikwa, mzee alimwambia, "Weka ndani, hapa, karibu na changu." Alikuwa mtoto, alidhani anasema kikapu changu.

"Tumemtupa baba korongoni," Nyambu akasema, na ile sauti iliyovuka vilima haikufika hata langoni.

Silvano alivipokea vijiwe vile viwili, akavifuta udongo kwa mkono wa suti. Kisha akamrudishia Mghoi. "Viweke vilipokuwa. Wewe ndiye unayejua." Akaenda mezani, akafungua kitabu, akachovya kalamu. Mwandiko wa mikunjo ukakataa kuja.

"Mghoi Drumondi. Sifa..."

"Mimi niandike baadaye, kaka. Andika mtoto kwanza, wino unakauka."

Silvano akamtazama. Alikuwapo siku ile kwa karani, wa kwanza kwenye foleni. Akainamisha kichwa, akaandika: *Wakesho Drumondi*.

"Na sifa? Lazima niandike sifa, nimechora mstari wake."

Wote wakamtazama Wakesho, aliyekuwa amefumba macho na kufumbua mdomo, akiusikilizisha mlima mzima.

"Andika," Mghoi akasema, "analia."

Na ndivyo ilivyoandikwa, na mama wa yatima alipopanda Jumatatu alipewa uji akashuka peke yake. Wakesho huyo alikua, akajenga kuta mpaka Mwatate, akanizaa mimi nikizungumza tayari.

"Wa chumvi!"

Huo wa chumvi, naam. Ule wa kabla yake, wa kweli.

Basi mkiulizwa shuleni, "Drumondi gani ninyi, na weusi huo?", wahesabieni mpima, mkunga, mwimbaji na mkimbiaji, na muwahesabu kwa majivuno, wamestahili. Lakini msimalizie hapo. Mtajeni na aliyewashikilia kwa ndani, asiyeonekana na wageni wa sherehe. Na ukimwona mtu anatupa kokoto, mwambie azipekue kwanza.

Kisa kimeaga, kinateremka mlima. Mguu wa kweli kimewaachia, wa chumvi kinautumia njiani. Haya, nani ataniletea maji ya Silvano ninywe?