Mstari wa Meli ya Faru

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nani kazama?"

"Wengi!"

"Nani kawazamisha?"

"Tunamjua!"

"Mtajeni!"

"Tunaogopa!"

Basi kaeni, nitamtaja mimi. Leo sina upole. Anayetaka ngano ya kubembelezea mtoto aende kwa jirani.

Alikuwepo Faru. Faru ana nguvu, Faru ana tumbo, Faru ana meli mbili za kuvusha wanyama kutoka bara kwenda kisiwani. Ya kwanza aliiita Sishibi. Ya pili aliiita Sishibi ya Pili, maana akili ya kutafuta jina jingine hakuwa nayo.

Sasa, kila meli ina mstari mweupe ubavuni. Maji yakifika kwenye mstari, meli imejaa, hakuna kupakia tena. Ndiyo sheria, hata kifaranga anaijua. Faru naye aliijua. Basi meli zake zilipopandishwa chelezoni kutengenezwa, alifanya nini? Akachukua brashi, akaikwangua mistari, kwaru-kwaru-kwaru, akaichora upya dhiraa mbili juu zaidi.

Siku ya mnada ikafika. Sishibi ikapakiwa. Kanga na vifaranga wao wakapanda. Mbuzi wakapanda. Magunia ya mtama yakapanda. Nahodha alikuwa Kasa, mzee wa watu, bahari anaijua kuliko anavyojua mgongo wake.

Kasa akasema, "Bwana Faru, meli hii nzito. Naisikia miguuni."

"Mstari umelowa?"

"Haujalowa, Bwana, lakini..."

"Mstari mkavu, hakuna kupunguza! Ng'oa nanga!"

Wakang'oa nanga. Walipofika katikati ya mkondo meli ikalala ubavu, gulu-gulu-gulu, ikaenda chini. Kasa akabeba mgongoni aliowaweza, akarudi, akabeba tena, akarudi, hakukuta mtu. Waliozama walizama, na mmoja wao alikuwa dada yake Nguchiro.

Nguchiro ni kijinyama kidogo, lakini ndiye fundi kalafati pale gatini, kazi yake kuziba nyufa za meli kwa pamba na mafuta. Chini ya rangi mpya alishaiona alama ya mstari wa zamani. Alishaisema. Nani amsikilize fundi mwenye mafuta mikononi?

Ikaundwa tume ya kuchunguza ajali. Mwenyekiti, Ngedere! Mmeshasikia kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere? Ya faru nayo ilipelekwa huko huko. Tume ikafikia kwa Faru, ikala kwa Faru, ikalala kwa Faru. Siku ya saba Ngedere akatoka anajipangusa midomo, akasoma:

"Tumechunguza kwa kina. Kosa ni la nahodha. Kesho Kasa avunjwe gamba hadharani."

Nguchiro akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mmemhoji nani?"

"Faru."

"Na nani tena?"

"Faru, mara ya pili, kwa uhakika zaidi."

"Na meli yenyewe mmeikagua?"

"Meli iko chini ya bahari. Nani alowe kwa ajili ya mbuzi?"

Hasira ikampanda Nguchiro. Hata mimi ninayesimulia imenipanda. Watu wamekufa, mtu anacheua pilau! Lakini Nguchiro akaimeza, akaenda kwa Faru na uso wa tabasamu.

"Bwana Mkubwa, wanyama wananong'ona eti Sishibi ya Pili nayo itazama. Wazibe midomo! Kesho, kabla Kasa hajavunjwa, karamu ya kufunga uchunguzi ifanyike juu ya meli hiyo. Pakieni mpaka mstarini, gati lote lione. Na mtama wako uvuke safari hiyo hiyo."

Karamu na mtama kwa mpigo! Mate yakamjaa Faru. Kuogelea hajui, lakini tumbo lilishajibu kabla ya kichwa. "Ifanyike!"

Asubuhi gati likafurika. Kasa kafungwa kwenye nguzo, macho chini. Faru akapanda, tume ikapanda, masufuria yakapanda. Punda, makuli wa gatini, wakaanza kupakia. Nguchiro akachuchumaa ukingoni mwa gati kuangalia mstari.

Magunia ishirini. Puu! Puu!

"Mstari?" akauliza Ngedere.

"Mkavu!" akajibu Nguchiro.

"Ongeza!" akanguruma Faru.

Magunia arobaini. Puu! Puu!

"Mstari?"

"Mkavu!"

"Ongeza!"

Magunia sitini. Puu! Meli ikalia kwiii.

"Mstari?" Sauti ya Ngedere ilishakuwa nyembamba.

"Mkavu kabisa, Mheshimiwa!"

"Ongeza," akasema Faru, mdomo umejaa.

Nguchiro akavuta ubao wa kupandia, akafungua kamba. "Safari njema, waheshimiwa!"

Meli ikasogea. Ikayumba kulia, masufuria yakateleza. Ikayumba kushoto, maji yakaingia, chwaa! Ngedere akaparamia mlingoti. Faru akasimama, na kusimama kwake kukazidisha balaa.

"Punguzeni! Tupeni magunia!"

Punda waliobaki melini wakamtazama Nguchiro. Wao wanajua kuogelea, haraka hawakuwa nayo.

"Haiwezekani, Bwana," Nguchiro akapaza sauti kutoka gatini. "Mstari mkavu, hakuna kupunguza."

"Mstari huo si wa kweli!"

"Si wa kweli? Na tume imeuchunguza kwa kina?"

"Wa kweli uko chini, dhiraa mbili! Nimeuchora mwenyewe! Na ule wa Sishibi nimeuchora mwenyewe! Kasa aliniambia meli nzito, nikamkatalia! Tupeni magunia, mama yangu, nakufa!"

Gati zima lilisikia. Punda wakatupa magunia, chubwi, chubwi, chubwi, meli ikainuka, ikavutwa kwa kamba mpaka gatini.

Ngedere akateremka mlingotini. Akatazama wanyama, wanyama wakamtazama. Akakohoa. "Kwa kuzingatia taarifa mpya, nahodha hana kosa." Kasa akafunguliwa. Faru akanyang'anywa meli, akafukuzwa pwani, na mpaka leo faru utamkuta nyikani, kwenye vumbi.

"Nguchiro," akasema Ngedere, sasa mpole kama maji ya mtungini, "taja zawadi unayotaka."

"Katika ripoti yako umeandika magunia mangapi yamepotea. Waliokufa hukumwandika hata mmoja. Ingia majini, mpaka magotini, uwasome kwa majina. Mmoja mmoja."

"Wote?"

"Wote. Na vifaranga."

Akaingia. Kila mwenye wake akawa anamtajia, naye anarudia kwa sauti. Alipofika kwa dada yake Nguchiro akanong'ona. Nguchiro akamwambia, "Rudia. Sijasikia."

Ngano yangu naitia nanga hapa, aliyeipenda na ashuke nayo.

Wakubwa wamesema ngano isiyo na funzo hairuhusiwi, basi shikeni hili: mkipanda chombo, kaeni kimya. Msitazame mstari, msiulize swali, mwaminini mwenye meli, maana hakuna mwenye uchungu na abiria kama yeye. Na chombo kikizama, mlaumuni nahodha. Hasa kama amekufa, kwani huyo habishi.