Gari Jekundu la Mwalimu Fulko

Gari tupu halina kasoro. Ndivyo alivyosema babu yenu leo mchana, wageni walioleta posa walipomsifu kijana wao kwamba tangu azaliwe hajawahi kukasirika, na nyie mkaanza kukonyezana mkidhani mzee ameishiwa maneno. Hakuishiwa. Wala hakumtukana mtoto wa watu. Msemo huo una mahali ulipozaliwa, tena si mbali, ni kwenye mlima huu huu wa Nyakipembe mnaoupanda kila mnapokwenda mjini. Mimi bibi yenu Betina nilikuwemo ndani ya gari. Endeleeni kumenya hivyo viazi, nami nitawaambia ulivyoanza.

Siku hizo babu yenu Atilio alikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi, ile yenye magurudumu mawili, inayofungwa nyuma ya gari na kuvutwa kutoka shamba hadi shamba. Mashine alikuwa nayo, gari hakuwa nalo. Kila msimu alikuwa akibembeleza wenye matrekta, na wenye matrekta mnawajua, wanakuja wakitaka wao.

Lakini gari halikutafutwa kwa ajili ya mashine peke yake. Mwaka wa nyuma nilishikwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza hapa hapa bondeni. Gari lililokuja kunichukua liligoma katikati ya mlima, pale kwenye kona yenye mwamba. Wanaume wakanibeba kwa machela hadi juu. Nikapasuliwa, nikapona mimi. Mtoto tulimzika. Sitasema zaidi ya hapo.

Basi nilipobeba mimba ya pili, nesi aliniambia bila kuzunguka: "Mama, wewe hutazaa kijijini tena. Kovu hilo haliwezi kungoja." Siku ile Atilio hakula. Kesho yake akasema atanunua pikapu, iwe ya kuvuta mashine na ya kunifikisha mimi hospitali. Akaanza kuulizia.

Akaambiwa mjini kuna Mwalimu Fulko, mwalimu mstaafu, anauza pikapu yake. Sasa sikilizeni tulivyokosea, maana kosa lile lilikuwa letu sisi watu wa huku. Kwetu ukienda kutafuta kitu kikubwa kwa mtu, unakwenda kwa adabu. Unatanguliza mzee wa kukusemea, unavaa koti, unakaa, unakunywa ulichopewa, na huulizi sana usije ukaonekana unamdharau mwenye mali. Tulikwenda kununua gari kama watu wanaokwenda kuposa! Msemaji wetu alikuwa Baba Mkubwa Yustino, kaka yake baba mkwe wangu, na koti lake la harusi. Nami nilifuata nyuma na tumbo langu la miezi saba. Baba Mkubwa alitaka nibaki nyumbani. Nilimwambia miguu ni yangu.

"Kamwene, Mwalimu!" Baba Mkubwa akatoa salamu ya kwetu.

"Kamwene, karibuni sana."

Loo, gari lilikuwa zuri, tusiseme uongo. Jekundu, milango minne, viti vimefunikwa vitambaa vilivyofumwa na mke wa Mwalimu. Boneti ilipofunguliwa, ndani mlikuwa safi hata ungeweza kuandaa chakula. Tulikuwa na fundi, akachungulia chini, akapapasa, akasema hakuna oili inayovuja. Atilio akaingia, akalizungusha kwenye lami, akapita sokoni, akapita mbele ya kanisa, akarudi meno yote nje. "Halina hata mlio," akaniambia. Baba Mkubwa akakohoa kile kikohozi chake cha kuanza kutaja bei.

Nikasema, "Tulipakie kwanza."

Jamani, mngeona nyuso zao. Baba Mkubwa alinigeukia kama nimetema mate mezani.

"Betina! Kitu cha mtu hakipakiwi mzigo kabla hakijawa chako. Umelelewa wapi wewe?"

"Hapa hapa, Baba Mkubwa. Mashine yetu ipo kwa fundi wa kuchomelea, ng'ambo ya barabara. Tuifunge nyuma, tushuke nayo nyumbani, tupakie viazi vya jirani vinavyosubiri kuja sokoni, turudi. Likipanda Nyakipembe, mimi wa kwanza kupiga vigelegele."

Atilio akaninong'oneza, "Mama, unaniaibisha." Alikuwa hajawahi kuniambia hivyo. Lakini sikurudi nyuma.

Mwalimu Fulko naye aliumia, nilimwona. Akasema taratibu, "Binti yangu, gari hili ninalo mwaka wa sita. Halijawahi kulala njiani hata siku moja. Mimi si mtu wa kudanganya watu."

"Sijasema unadanganya, Mwalimu," nikamjibu. "Shikamoo yako ninayo. Lakini hili gari likigoma pale kwenye kona, wewe utapoteza jina tu. Atakayekufa ni mimi, na huyu niliyembeba."

Akanitazama, akalitazama tumbo. Akaenda ndani, akarudi amevaa kofia. "Twendeni," akasema. "Na mimi nataka kujua."

Tukaifunga mashine. Kushuka tulishuka vizuri, breki zikashika. Hapa kijijini tukapakia magunia sita ya viazi, Baba Mkubwa akiwa pembeni anasononeka kama aliyefiwa, kisha tukageuza. Atilio kwenye usukani, Baba Mkubwa mbele, mimi na Mwalimu nyuma.

Mwanzoni lilipanda. Mwalimu akaanza hata kutabasamu. Tulipofika katikati, injini ikaanza kunguruma kwa nguvu lakini miti ya kando haisogei. Atilio akabadili gia, akakanyaga mafuta, ngurumo ikaongezeka, na gari likazidi kupungua mwendo. Ikaja harufu ya kuungua. "Klachi," akasema Atilio, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Baba Mkubwa, koti na yote, aliruka nje akaokota jiwe akaliweka nyuma ya tairi. Mzee alikuwa na adabu nyingi, lakini mbio pia alikuwa nazo!

Mnajua liligomea wapi? Kwenye kona ile ile yenye mwamba.

Nilishuka nikakaa juu ya jiwe, nikalia. Sikulia kwa hasira. Nililia kwa sababu niliona machela. Niliona migongo ya wale wanaume. Atilio akaja akasimama karibu yangu, asiweze hata kunigusa.

Mwalimu Fulko alikuwa amesimama mbele ya gari lake, moshi unatoka, kofia mkononi. Nilimhurumia, kweli nilimhurumia. "Miaka sita," anasema. "Miaka sita halijawahi kunisumbua. Asubuhi lilikuwa halina kasoro hata moja, mmeliona wenyewe."

Baba Mkubwa akamuuliza, kwa upole sasa, "Kwani Mwalimu, katika miaka hiyo sita umelipakia nini?"

Mwalimu akafikiri. "Mimi na mke wangu," akasema. "Kwenda kanisani. Na kurudi."

"Basi?"

"Na Biblia."

Tukacheka, hata mimi na machozi yangu. Yeye hakucheka. Aliweka mkono juu ya boneti, akauondoa haraka maana ilikuwa ya moto, akasema kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Kumbe gari tupu halina kasoro." Baba Mkubwa akatikisa kichwa, akalirudia neno hilo, na alipofika kijijini alilirudia kwenye kila kikao mpaka likawa la watu wote.

Mwingine angekasirika, angetudai klachi yake. Mwalimu Fulko hakufanya hivyo. Gari lilipovutwa hadi mjini alitupeleka mwenyewe kwa shemeji yake aliyekuwa akibeba mbao kutoka msituni, naye alikuwa na pikapu anayotaka kuiuza. Rangi ya majivu, bodi imebonyea pande zote, kiti kimoja kirefu mbele cha watu watatu waliobanana. Baba Mkubwa alipoliona alivua koti kabisa.

Mwenye gari hakulisifu. Alihesabu kwa vidole: "Kioo cha kushoto hakipandi. Hendibreki haishiki, tembea na gogo la kuwekea tairi. Gia ya pili ina ukaidi, ibembeleze. Rejeta nimeiziba mara mbili. Klachi mpya, ya mwaka jana, maana ya zamani iliungua na mbao milimani."

Nikamwambia Atilio, "Hili nalitaka."

"Lenye magonjwa yote hayo?"

"Yanajulikana. Lile la Mwalimu lilikuwa na ugonjwa mmoja, na hakuna aliyeujua, hata mwenyewe."

Mara hii Mwalimu Fulko ndiye aliyesema kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, "Lipakieni kwanza." Tukashuka nalo hadi bondeni, likapakiwa. Mashine nyuma, viazi juu, Mwalimu mwenyewe juu ya viazi na kofia yake. Lilipanda polepole, linalalamika njia nzima kama mama mkwe, lakini lilipanda. Tulipopita ile kona nilifumba macho. Nilipofumbua tulikuwa juu.

Sasa subirini, sijamaliza. Wewe acha kunyanyuka, viazi havijaisha.

Wiki tano baadaye tulikuwa shambani huku chini kabisa mtoni, tunapukuchua mahindi ya watu, na mimi nilikuwa nimekaa kivulini nikiwapikia uji. Uchungu ulinishika saa nne asubuhi, kabla ya siku zake. Ulikuja kwa fujo. Nilihisi kovu linavutika, nikajua hatuna muda. Nikaita, "Atilio!"

Alikuja mbio. Akataka kuifungua mashine kwanza ili gari liwe jepesi, lakini pini ilikuwa imekwama kwa vumbi na makapi ya mahindi. Alipiga nyundo, alipiga nyundo, anapiga vidole vyake mwenyewe. Wanawake wanapiga kelele. Nikamwambia, "Iache! Twende nayo!"

"Haitapanda, Betina."

"Ilipanda. Tuliiona ikipanda. Washa gari!"

Wakanipandisha mbele, mama mkwe amenishika, na wanawake wanne wakaruka nyuma juu ya magunia ambayo hakuna aliyekumbuka kuyashusha. Hivyo ndivyo tulivyouanza mlima: mashine, mahindi, wanawake, na mimi. Atilio aliweka gia ya kwanza na hakuitoa. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Tulipoikaribia kona yenye mwamba nikamshika goti, nikalibana kwa nguvu zangu zote, na mama mkwe akaanza kuomba kwa Kibena kwa sauti. Gari likalia. Likaendelea kulia. Mwamba ukapita dirishani kwangu, polepole, nikauona wote, ukaenda zake.

Hospitali walinichukua moja kwa moja. Daktari alisema baadaye kwamba tungechelewa kidogo tu, kovu lingeachia. Nilipozinduka niliwekewa mtoto kifuani, wa kike, mwenye kelele nyingi. Ndiye mama yenu huyo, na kelele hajaacha.

Kisha wakamruhusu Atilio aingie. Alikuwa na makapi ya mahindi kichwani na vidole vimefungwa kitambaa. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akapiga magoti pale pale kando ya kitanda na kulia mbele ya manesi, mwanaume mzima. Akasema, "Betina, nisamehe. Ningelinunua lile jekundu. Nilikwambia unaniaibisha. Nilijiona najua kila kitu cha kumtunza mke, kumbe nilikuwa sijui lolote."

Nami nilikuwa sina nguvu hata ya kuinua kichwa. Lakini niliweka mkono juu ya kile kichwa chake chenye makapi, nikamwambia, "Ulikuwa hujabeba, baba. Leo umebeba, na umepanda. Hakuna anayejijua kabla ya mzigo. Gari tupu halina kasoro."