Pimbi Mtabiri na Mieleka ya Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, vitanda na majirani wa kuwasengenya, aliishi Pimbi na mkewe na watoto wao saba. Pimbi mnamjua, wanangu? Mdogo, mnene, mkia hana. Lakini mdomo! Mdomo wake ungeweza kumuuzia samaki maji.

Kiangazi kimoja chemchemi zote zilikauka, ikabaki moja tu. Tembo, Kiboko na Nyati ndio walioitawala. Walikunywa wao kwanza, kisha wakaoga, kisha wakarukaruka, chubwi! chubwi! Wadogo walipofika walikuta tope.

"Baba Chengo," Bi Pimbi alimwambia mumewe, "uji wa leo nimeupikia tope. Sikia watoto wanavyotafuna!"

Kra, kra, kra! Ulikuwa mchanga kwenye meno.

Pimbi aliwatazama wanawe, moyo ukamuuma. Akaweka bakuli chini, akatoka mbio hadi chemchemini kwa wakubwa.

Siku ya tatu ingekuwa sikukuu ya mieleka. Kiboko angepambana na Nyati, kisha mshindi akutane na Tembo, bingwa wa mwaka uliopita. Sheria ilikuwa moja: anayetoka nje ya duara ameshindwa, anayebaki ndani ndiye mshindi.

"Wakubwa zangu, shikamooni!" Pimbi alisema. "Mimi natabiri washindi. Nikipatia mapambano yote mawili, wadogo tunywe kwanza hadi mvua zije."

"Na ukikosea?" Tembo aliuliza.

"Nitamsugua Kiboko meno kila asubuhi."

Kiboko akapiga mwayo. Ah! Harufu iliyotoka humo ilimwangusha nzi aliyekuwa akipita.

"Tumekubali," Kiboko alisema. "Haya, tabiri."

"Pambano la kwanza, Nyati. Fainali, mimi Pimbi."

Walicheka mpaka Nyati akapaliwa. "Wewe? Utamwangusha nani, sisimizi?"

"Basi nifanyeni mwamuzi, niwe karibu na ushindi wangu."

"Na awe," Tembo alisema. "Hata tukimkanyaga hatutajua."

Siku ikafika. Jua lilikuwa kali, mawe yanakaanga mayai. Kiboko na Nyati wakaingia duarani, tu! tu! tu!

"Subirini!" Pimbi alipaza sauti. "Kwanza nimtambulishe Kiboko. Huyu hapa! Tumbo la kifalme! Masikio madogo ya kupendeza!"

Kiboko akatabasamu. "Endelea, endelea."

Pimbi akaendelea. Akasifu pua. Akasifu magoti, kila moja peke yake. Akasifu shangazi zake Kiboko wote kwa majina. Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko, isiyovumilia ukavu, ikaanza kulia: kwaru! kwaru!

"Pimbi, sifa zimebaki nyingi?"

"Sijafika hata kwenye mkia, bwana mkubwa."

"Yalaaa! Naungua!" Kiboko akachomoka duarani, akajitosa majini, chubwiii!

"Mshindi, Nyati!" Pimbi akatangaza. Nyati alikuwa hajainua hata kwato.

Ikaja fainali. Bi Pimbi alijifunika uso kwa kanga, maana alishaanza kumwona mumewe ndani ya kinywa cha Kiboko, na mswaki mkononi.

"Nikague miguu yenu kwanza," Pimbi alisema. Akaenda kwa Tembo, akamnong'oneza, "Bwana mkubwa, usimguse Nyati. Ana upele. Ukikupata, utaukuna kwa kitu gani mgongo wote huo?"

Kisha akaenda kwa Nyati. "Ndugu yangu, Tembo ana upele. Mkubwa kama yeye, na upele wake ni mkubwa hivyo hivyo."

Ngoma ikalia, ti! Tembo akasogea hatua moja, akaona Nyati anarudi nyuma hatua mbili.

"Njoo basi!" Tembo alisema, huku naye akirudi nyuma.

"Njoo wewe!"

Nzi akatua ubavuni mwa Nyati. Nyati akajikuna, kwaru! Tembo akashtuka: ni kweli! Naye akahisi mwasho mgongoni, akajikuna. Nyati akapiga ukelele: ni kweli!

"Mama yangu!" wakalia kwa pamoja. Huyu akatoka upande huu, yule upande ule, vumbi likatimka, puuu!

Vumbi lilipotulia, aliyebaki ndani ya duara alikuwa mmoja, mnene, hana mkia.

"Huyo ni mwamuzi! Haikubaliki!" Tembo akafoka kutoka vichakani.

Kiboko akainua kichwa majini. "Sheria ni sheria! Mimi nilitolewa kwa sheria hiyo hiyo. Mshindi ni Pimbi!"

Wadogo wakashangilia, vigelegele hadi milimani, wakaingia chemchemini na vibuyu vyao. Maji yalikuwa meupe pe! Watoto saba wakanywa hadi matumbo yakawa ngoma.

Siku ya nne Tembo na Nyati wakakutana njiani, kila mmoja akipita pembeni kabisa.

"Upele wako haujambo?" Tembo aliuliza.

"Upele wangu? Si ni wako?"

Wakatazamana. Wakatazamana tena. Kisha wakatimua mbio hadi mwambani kwa Pimbi. Wakamkuta ndani ya ufa mwembamba, anakunywa uji.

"Toka nje, mwongo wewe!"

"Karibuni ndani, wakubwa zangu," Pimbi alijibu. "Ila natabiri hamtaenea."

Basi, wanangu, mimi nimeishia hapo, nanyi mshike hili: asiyeuliza mwenzake husukumwa na uvumi.